Dawati la Ufundi: "Tulipitisha Toleo Lipi?"

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: programu za kuchora mashine zilizo kwenye wingu. Modeli haikai ndani ya kompyuta ya mtu mmoja. Inakaa kwenye seva, na watu kadhaa wanaifungua kwa pamoja kupitia kivinjari. Wengi wenu mnatumia Onshape, wachache Fusion ya Autodesk. Majibu yetu yanafuata zaidi Onshape. Fusion tumeitaja pale tu tofauti inapomgusa mtumiaji.

Tuko wachoraji watatu, wawili Morogoro na mmoja Dar es Salaam. Tunabuni mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa kwa mota. Kikao cha mapitio kikianza, kila mtu anafungua modeli, na kabla hatujamaliza kuzungumzia jambo moja mwenzetu ameshalibadilisha. Juzi, baada ya shafti kuongezwa kutoka mm 35 hadi mm 40, fundi alitoboa matundu ya beringi kwa umbali wa mm 127 na beringi mpya hazikai. Kila mmoja wetu anakana kuupitisha mchoro huo. Tunakosea wapi?
*Karakana ya zana za kilimo, Morogoro*

Mnakagua kitu kinachotembea. Eneo la kazi la Onshape ni kama ubao wa chaki: kila mwenye ruhusa anaandika na kufuta, na wengine wanaona papo hapo. Mnapochora, hiyo ni raha tupu. Mnapokagua, ni balaa, kwa sababu sentensi "hapa pako sawa" inakosa maana ikiwa "hapa" pamebadilika dakika mbili baadaye.

Dawa yake ni toleo, yaani nakala ya modeli iliyogandishwa kama ilivyo siku hiyo. Siku moja kabla ya kikao, mwenye kazi atengeneze toleo la modeli. Toleo likishatengenezwa haliwezi kuhaririwa na mtu yeyote, hata aliyelitengeneza. Lipeni jina linalojieleza, mathalani "Mapitio 2, shafti 40", na kwenye sehemu ya maelezo andikeni mistari miwili mitatu: nini kimebadilika tangu mapitio yaliyopita, na ni uamuzi gani unaombwa. "Naomba mwangalie" si ombi. "Naomba tuamue kama chekeche itoke kwa pembeni au kwa chini" ni ombi.

Kisha wakaguzi watumiwe kiungo cha toleo, si cha eneo la kazi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwani viungo vyote viwili vinafanana machoni. Soma anwani iliyo juu ya kivinjari: ukiona /w/ katikati, hilo ni eneo la kazi linalobadilika, ukiona /v/, hilo ni toleo lililofungwa. Fungua toleo kwanza kutoka kwenye orodha ya matoleo, ndipo unakili anwani. Ni herufi moja tu, lakini ndiyo inayotenganisha mchoro uliopitishwa na mchoro uliochezewa.

Mkaguzi apate angalau nusu siku ya kuangalia peke yake. Msiangalie wote kila kitu. Mmoja ashike nguvu na mwendo: mota ya nguzo nne kwenye umeme wa 50 Hz inazunguka kama mara 1,440 kwa dakika, puli ya mm 100 ikivuta ya mm 200 ngoma itapata 720, je ndiyo kasi mnayoitaka? Wa pili ashike utengenezaji: bamba linakatika kwa mashine mliyo nayo? Fimbo ya kuchomelea inafika kwenye kona ile? Wa tatu ashike matengenezo na usalama: kinga ya mkanda inafunguka bila kung'oa mota? Spana inazunguka kwenye bolti ya beringi? Bolti ya M14 hutaka spana ya 21 au 22 kulingana na kiwango cha bolti, na mkono wa spana nao unataka nafasi. Kwenye skrini bolti haina mkono, ndiyo maana jambo hili hupita bila kuonekana.

Sasa turudi kwenye beringi zenu. UCP207, ya shafti ya mm 35, ina umbali wa mm 127 kati ya matundu ya bolti, na kitovu cha shafti kiko mm 47.6 juu ya kitako. UCP208, ya shafti ya mm 40, ni mm 137 na mm 49.2. Aliyebadilisha shafti alibadilisha na beringi, lakini bamba la fremu halikuguswa, kwa kuwa kipimo cha 127 kiliandikwa kwa mkono badala ya kufungwa kwenye matundu ya beringi yenyewe. Kwa hiyo kila tundu limekosea kwa mm 5, na hakuna kupanua kwa tupa kutakakoliokoa. Kuna na la pili ambalo hamjalitaja: shafti imepanda mm 1.6, hivyo nafasi kati ya ngoma na chekeche iliyo chini yake imeongezeka kwa mm 1.6. Lipimeni kabla hamjaanza kulaumu mahindi kwamba hayapukuchuki vizuri.

Kosa la aina hii linanaswa na chombo cha kulinganisha matoleo. Chagua toleo lililopitishwa mwisho na hili jipya, programu itakuonyesha vipande vilivyobadilika. Wengi huangalia kilichobadilika tu. Angalieni pia kilichonyamaza: kama shafti na beringi zimebadilika na bamba linalozibeba halikubadilika, hilo bamba ndilo la kuulizia.

Maoni yaandikwe ndani ya programu, yakiwa yamebandikwa kwenye uso au kipande husika, wala yasipelekwe kwenye kundi la WhatsApp ambako yatazikwa chini ya picha za harusi. Maoni yaanze na jina la toleo, yataje kipimo, yaseme tatizo kabla ya suluhisho. "Mapitio 2: matundu ya bamba 127, UCP208 inataka 137" inatosha. "Beringi haijakaa vizuri" haimsaidii mtu.

Kikaoni, mmoja aongoze. Wengine wabofye alama yake juu ya skrini na kuchagua kumfuata, ili anachokiona yeye, kwa pembe ileile, ndicho wanachokiona wao. Msisome maoni yote moja baada ya jingine. Yale mnayokubaliana yameshaisha. Muda uende kwenye yale matatu manne mnayobishania. Na kikao kikiwa kinaendelea hakuna anayehariri. Akitokea mwenye wazo zuri la ghafla, atengeneze tawi, yaani nakala ya pembeni ya kujaribia, kutoka kwenye toleo hilohilo alijaribu huko. Likikubaliwa mtaliunganisha baadaye.

Kila maoni yatoke kikaoni yakiwa na hukumu moja kati ya tatu: litarekebishwa, litaachwa na sababu iandikwe, au linasubiri jaribio. La kurekebishwa lipewe mtu mmoja kama jukumu. Watu wawili maana yake hakuna mtu. Akishamaliza ajibu palepale chini ya maoni, ataje toleo lenye marekebisho. Anayefunga maoni awe yule aliyeyaandika, si aliyerekebisha. Huyu aliyerekebisha atafunga kwa sababu amechoka kuyaona.

Mwisho, toleo jipya, na ulinganisho mara moja zaidi dhidi ya lile lililokaguliwa. Safari hii mnatafuta kitu kimoja: mabadiliko ambayo hakuna aliyeyaomba.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mitambo mwaka wa tatu. Kompyuta mpakato yangu ina RAM ya GB 8. Wenzangu wakizungusha modeli inateleza, yangu inaruka kama picha za kubandika. Je, ni bando?
*Mbeya*

Marahaba. Mara nyingi si bando. Hesabu za maumbo zinafanyika kwenye seva, lakini picha unayoizungusha inachorwa na kompyuta yako. Ikiwa kivinjari hakitumii kadi ya picha, kazi yote inaangukia kichakataji na ndipo modeli inaporuka. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya mfumo, uwashe uongezaji kasi kwa kutumia kadi ya picha, kisha ufunge kivinjari chote na kukifungua upya. Onshape pia wana ukurasa wa kupima kompyuta, cad.onshape.com/check, unaokuambia kama kadi inatumika au la.

Bando linahusika unapofungua asembli kubwa (modeli ya vipande vingi vilivyounganishwa) kwa mara ya kwanza, kwani maumbo yote yanashuka. Fungua nusu saa kabla ya kikao, uiache wazi. Sauti pigeni kwa simu ya kawaida au simu nyingine. Video ya nyuso za watu ndiyo inayokula mtandao, na nyuso hamzikagui. Nunua pia kipanya chenye gurudumu. Kukagua modeli kwa kidole kwenye kompyuta mpakato kunachosha, na mtu aliyechoka huacha kuzungusha, akaangalia upande mmoja tu.

Umeme ukikatika katikati ya kikao tunapoteza nini?
*Msomaji, Tabora*

Kwenye Onshape hakuna kitufe cha kuhifadhi. Kila hatua unayoikamilisha inatumwa kwenye seva, kwa hiyo utapoteza ile moja uliyokuwa bado unaijaza. Fusion ni tofauti: inapiga hesabu kwenye kompyuta yako na kupeleka modeli kwenye wingu unapohifadhi, hivyo inaweza kuendelea bila mtandao, ila usipohifadhi ni juu yako. Kwa kikao, mwenye kuongoza awe ameshashusha PDF za michoro ya toleo linalokaguliwa. Mtandao ukienda, mnaendelea na karatasi na simu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kariobangi. Mhandisi ananitumia link, naifungua kwa simu, napima na kukata. Mara mbili sasa amekuja akasema si hivyo, upande wa kulia umekuwa wa kushoto, au kimo si kile. Link ni ileile. Nani alipe chuma?
*Nairobi*

Fundi, la nani alipe hatutaingilia, ila tunaweza kukuambia chuma kinapotelea wapi.

Kwanza, kiungo ni kilekile lakini kilichomo si kilekile. Kama kina /w/ ndani ya anwani, mhandisi anaweza kubadilisha modeli usiku na asubuhi wewe ukakata kitu kipya bila kujua. Usikate kwa kiungo. Dai PDF yenye kisanduku cha kichwa kilichojazwa: namba ya mchoro, herufi ya marekebisho, tarehe, jina la aliyepitisha. Ichape, uibandike ukutani, ukimaliza kazi iandike "imekwisha". Mhandisi akitaka kubadilisha, alete karatasi yenye herufi mpya na ya zamani aichukue mwenyewe. Karakana yenye karatasi mbili za kipande kimoja ukutani haina mchoro.

Pili, kulia kuwa kushoto. Hilo linatokana na namna ya kupanga sura kwenye mchoro. Ipo projeksheni ya pembe ya kwanza, ambayo sura ya juu inawekwa chini ya sura ya mbele, na inayoonekana kutoka kulia inawekwa kushoto. Ipo ya pembe ya tatu, ya Kimarekani, ambayo sura ya juu iko juu na ya kulia iko kulia. Programu hizi zinakuja na violezo vya aina zote mbili, na mchoraji mwenye haraka huchukua kiolezo cha ANSI (viwango vya Marekani) cha pembe ya tatu ilhali fundi wake alisomea pembe ya kwanza. Kipande kinatoka kama kilichotazamwa kwenye kioo. Tafuta alama ya koni iliyokatwa karibu na kisanduku cha kichwa. Ikiwa haipo, uliza kabla ya kuwasha mashine. Kwa wahandisi wanaosoma hapa: mchoro uwe na angalau sura moja ya pande tatu pembeni. Picha hiyo ndogo huokoa chuma kingi.

Tatu, usipime kwenye skrini ya simu wala kwa rula juu ya karatasi. Soma kipimo kilichoandikwa. Kisipokuwepo, huo ni upungufu wa mchoro, urudishe.

Na la mwisho, ambalo pengine ndilo la "kimo si kile". Michoro mingi ina maandishi "ISO 2768-m" chini, kwa sababu yamo kwenye kiolezo. Kwa kipimo cha kati ya mm 400 na 1,000 hayo yanakuruhusu kukosea mm 0.8 tu. Hiyo ni tolaransi ya kipande kilichokerezwa au kuchongwa. Fremu ya chuma cha pembe ikishapoa baada ya kuchomelewa imejivuta zaidi ya hapo, na hakuna fundi wa kuilaumu. Kwa kazi za kuchomelea kuna ISO 13920; daraja B kwa urefu huohuo linatoa mm 3 kila upande. Mhandisi anayetaka mm 0.8 kwenye fremu lazima aseme ni uso upi utakaochongwa baada ya kuchomelea, na aache nyama ya kuchonga. Suala hili lilipaswa kuulizwa kwenye mapitio, na wa kuuliza ni wewe. Mwambie akuite. Huhitaji kujua kuchora. Akupe ruhusa ya kutazama na kutoa maoni.

Faili za DXF za kukatia bamba nazo uzipime kabla. Chagua kipimo kimoja unachokijua. Kama kipande cha mm 100 kinasoma 3.94 au 2,540, kuna mahali inchi na milimita zimebadilishana.

Nimerekebisha kipande kwenye dokumenti yake, lakini kwenye asembli kuu bado naona cha zamani. Nimefungua upya mara kumi.
*Mchoraji, Kigali*

Haitasaidia hata mara mia. Ukiingiza kipande kutoka dokumenti nyingine, Onshape inaingiza toleo maalumu la kipande hicho, na linabaki hilo hadi mtu aseme libadilishwe. Nenda kwenye dokumenti ya kipande, tengeneza toleo jipya, kisha rudi kwenye asembli: itaonekana alama kwamba kuna sasisho. Bofya, chagua toleo, kubali. Inaudhi mara ya kwanza. Lakini fikiria kinyume chake: mtu anarekebisha kibano kimoja Kigali, na mashine tano zinazokitumia zinabadilika kimyakimya usiku huohuo.

Kwenye mapitio, pitia alama hizo za sasisho kabla ya kutengeneza toleo la asembli. Si kila sasisho ni la kuchukua. Ila liwe limeachwa kwa makusudi.

Michoro nayo ina tabia yake: modeli ikibadilika, mchoro unasubiri uubofye usasishwe. Ukishausasisha, tafuta vipimo vilivyopoteza pa kushika. Huwa vinabadilika rangi, na vinabaki na namba ya zamani inayodanganya.

Assalaam alaykum. Ofisi yetu inachora mabomba na fremu za pampu. Mteja anataka kukagua mtandaoni, lakini hataki mchoro uonwe na mwingine. Tunatumia akaunti ya bure.
*Muscat*

Waalaykum salaam. Basi msifanye hivyo. Akaunti ya bure ya Onshape ni kwa kazi zisizo za biashara, na dokumenti zake ziko wazi: mtumiaji yeyote aliyeingia anaweza kuzitafuta, kuzitazama na kuzinakili. Kama michoro ya mteja imeshawekwa humo, mwambieni leo, asije akaigundua mwenyewe.

Mkishalipia mpango wenye dokumenti za siri, ruhusa ziko kwa tabaka: kutazama, kutoa maoni, kunakili, kuhamisha faili nje, kuhariri, kumshirikisha mwingine. Mkaguzi wa nje apewe kutazama na kutoa maoni, hayo mengine yazimwe. Jueni tu kwamba asiyeweza kuhamisha faili bado anaweza kupiga picha ya skrini.

Mtego mkubwa uko kwingine. Ukimshirikisha mtu dokumenti, umemshirikisha yote: vichupo vyote, matoleo yote, na historia. Ataona bei uliyoandika kwenye jedwali la vifaa, na pampu ya bei rahisi uliyoijaribu mwezi uliopita ukaiacha. Kwa mteja, tengenezeni dokumenti nyingine iliyo na asembli ya kukaguliwa tu, iliyoletwa kutoka toleo lililofungwa. Au mkiwa kwenye mpango mkubwa, tumieni machapisho, yaani kifurushi cha matoleo mnayoyachagua bila historia yake.

Tulipima migongano ya vipande (pale viwili vinapokalia nafasi moja) kwenye asembli, programu ikaleta 46. Mwenzangu anasema tuipuuze yote kwa kuwa mashine inaonekana imekaa vizuri machoni.
*Kiwanda kidogo, Kampala*

Usiipuuze, wala usiogope namba. Kwanza ipange kwa ujazo, mikubwa juu.

Mingi kati ya hiyo ni nati na bolti. Bolti ya M12 kwenye maktaba imechorwa kama mti wa mm 12, na nati yake ina tundu la takriban mm 10.1, kwa kuwa meno hayakuchorwa. Nati ya kimo cha mm 10.8 itatoa mgongano wa pete wenye ujazo wa kama mm³ 355. Ukiona mgongano huohuo mara 32, umeona nati 32. Hizo ziache. Lakini kama kuna wa 33 wenye ujazo tofauti, uangalie: pengine bolti inagonga ukingo wa tundu kwenye bamba. Tundu la kawaida la kupitishia M12 ni mm 13.5, mchoraji akiandika 12 kamili, skrini itakubali na fundi atakataa.

Kundi la pili ni vitu vinavyoingizwa kwa nguvu, kama bushi. Mgongano wa sehemu chache za mia za milimita hapo umekusudiwa. Andika maoni kuwa umekusudiwa, ili kikao kijacho mtu asianze upya.

Kinachobaki, kama vitano au sita, ndicho mlichokitafuta. Kipimo hicho pia kinaona mkao mmoja tu wa mashine. Zungusha ngoma, fungua mlango, sogeza mota hadi mwisho wa matundu yake marefu ya kukazia mkanda, na pima tena kwenye kila mkao. Mkanda mpya na mkanda uliolegea si mashine moja.

Programu inasema fremu yetu ni kilo 12.5. Kwenye mizani ni 37. Tuiamini ipi?
*Arusha*

Mizani. Gawanya 37 kwa 12.5, utapata karibu 2.96. Chuma kina msongamano wa kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, alumini 2,700, na chuma kwa alumini ni 2.91. Mmechagua alumini kwenye orodha ya malighafi, au mmenakili kipande kutoka kazi nyingine ya alumini. Kilichozidi kidogo ni chuma cha kuchomelea na rangi.

Kabla ya kila mapitio fanyeni hesabu moja ya mkono. Chuma cha pembe cha 50 × 50 × 5 kina kilo 3.77 kwa mita, mita 9.6 ni kilo 36.2. Bamba la mm 3 ni kilo 23.55 kwa mita ya mraba. Kwenye Onshape kipande ambacho hakikupewa malighafi hakihesabiwi uzito kabisa. Kwenye Fusion kinachukuliwa kuwa chuma, hata kama mlikusudia mpira. Kosa la kwanza linaonekana, la pili linajificha.

Mtu akirudisha modeli ya zamani kwa kupitia historia, kazi ya wengine inafutika?
*Bujumbura*

Hapana. Kurudisha nako ni hatua inayoandikwa kwenye historia, na aliyeifanya anaonekana kwa jina. Mnaweza kurudi pale mlipokuwa kabla hajarudisha. Ila mzungumze naye.

Mteja wetu hatumii Onshape. Tumpe nini baada ya mapitio?
*Mombasa*

Faili ya STEP (muundo wa kubadilishana modeli kati ya programu tofauti) ya toleo lililopitishwa, pamoja na PDF za michoro ya toleo hilohilo, vyote vikiwa na namba na herufi moja. Kama programu yake inasoma STEP ya AP242 mpe hiyo, ikigoma, AP214. Atapata maumbo kamili, hatapata hatua za kuchora, kwa hiyo hawezi kubadilisha kipimo kimoja na modeli ikajirekebisha. Mwambie hilo mapema. Ukishahamisha, ifungue faili yenyewe upime urefu mmoja na uhesabu vipande kabla ya kuituma.

Kwenye orodha ya marekebisho naona A, B, C hadi H, halafu J. I iko wapi? Ni hitilafu?
*Msomaji, Tanga*

Si hitilafu. Kiwango cha Marekani cha ASME Y14.35 kinaruka herufi I, O, Q, S, X na Z. Ukiona mchoro ulioandikwa kwa mkono wa fundi mwenye haraka utaelewa: I ni 1, O ni 0, S ni 5, Z ni 2. Mkifika Y, inayofuata ni AA.